Siku Ng'ombe Alipotolewa Bandani

Ng'ombe yule alikuwa na kitanda kizuri kuliko changu. Mimi nililalia godoro la nyasi lililokwisha upande mmoja, upande wangu, na yeye alilalia vumbi la mbao lililoletwa kwa baiskeli kutoka kwa seremala pale Ndhiwa, na likilowa linabadilishwa. Mume wangu ndiye aliyetaka hivyo. Alisema ng'ombe akilala mahali pabaya hacheui vizuri, na asiyecheua hana maziwa. Nikamuuliza, na mke akilala mahali pabaya anakuwaje? Akacheka mpaka akaweka panga chini. Naanza na kicheko chake kwa sababu huko mbele hakuna kingi cha kuchekesha.

Niseme mimi ni nani, usije ukapotea. Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori, karibu na mpaka, na shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo ukiona neno limekaa upande, lisukume mwenyewe uendelee. Niliolewa na Mjaluo wa Ndhiwa. Tulikutana sokoni Migori, yeye fundi wa mawe, mimi nauza wimbi. Hakujua Kikuria, sikujua Kijaluo, basi tukashikana kwa Kiswahili cha sokoni, na hicho ndicho kilichobaki kuwa lugha ya nyumba yetu hata baada ya mimi kujifunza ya kwao. Tuligombana kwa Kiswahili. Watoto tuliwachapa kwa Kiswahili. Shemeji zangu hawakuacha kunitania: ng'ombe akipotea, hata awe wa mtu wa mbali, wanapita kwangu kuniuliza kama ndugu zangu walifika jana. Nilizoea. Siku nyingine nawajibu kwamba walifika, lakini hawakuona ng'ombe wa maana.

Na kweli kwetu hawakuwapo wa maana. Wale wa kienyeji walikuwa wamekwisha kwa mahari ya wavulana, na wengine kwa ukame. Halafu miaka ile ya tisini mume wangu alienda kumjengea mtu nyumba huko Kisii, na mtu huyo badala ya pesa akampa mtamba wa gredi, mbegu ya kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe. Alirudi naye kwenye lori la ndizi. Kijiji kizima kilikuja kumtazama. Wakamwita Mzungu. Walipoona amejengewa banda lenye sakafu ya simenti, na kihori, na paa, na kwamba hatoki kwenda malishoni bali chakula kinamfuata, wakasema amefungwa jela. Wengine wakasema ni bibi harusi. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, ambaye utamwona tena hapa, alisimama pale akazungusha fimbo yake na kusema yeye hajawahi kuona Mjaluo akimkatia ng'ombe nyasi kama anayemnyolea mgeni ndevu.

Alipozaa, kumlisha kukawa kazi. Nani aliyekuambia maziwa ni ya kiwele? Maziwa ni ya mdomo, yanaingia hapo kwanza. Tulipanda matete nyuma ya nyumba mpaka kwenye kijito. Matete huyakati yakiwa marefu sana, yanakuwa miti, wala yakiwa machanga sana, yanamharisha. Unayakata yakifika kifuani kwako, unayaacha yanyauke kidogo juani, unayakatakata vipande vya kidole, la sivyo anachagua majani na kukuachia mabua kama mtoto anayechagua nyama. Unachanganya na marando ya viazi vitamu, kama kuna marando. Chumvi ya jiwe inaning'inia. Na maji, jamani. Ng'ombe wa kienyeji anakunywa mara moja na kusahau. Huyu alikunywa kama mtu aliyetoka kula arusini, na ukimpunguzia maji asubuhi, jioni kiwele kinakuonyesha.

Mume wangu alikuwa mtu wa kujaribu. Wakati mmoja alisikia kwamba samaki huongeza maziwa, akaenda Mbita akarudi na gunia la vumbi la omena, zile takataka za dagaa zinazobaki chini ya maturubai ya kukaushia. Akamchanganyia. Maziwa yaliongezeka kweli, sisemi uongo, ila yalinuka ziwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kututembelea, nikampa chai, akaonja, akainusa, halafu akauliza kwa upole kama sufuria yangu ni ile ile ya mboga. Sisi ni Wasabato, au mume wangu alikuwa, mimi nilimfuata tu, na Msabato hana neno na samaki, lakini si ndani ya chai. Gunia lililobaki tulilimwaga kwenye matete kama mbolea, na paka wa jirani wote walihamia huko.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Binti yetu wa pekee aliolewa Rusinga, kisiwani. Mume wake alikuwa na mashua nusu, yaani yeye na mwenzake. Wakati ule watu walikuwa wanakonda na kufa, na ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema kifua, tulisema amerogwa, tulisema malaria ya muda mrefu. Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume na hakuamka vizuri tena. Alikufa wakati mtoto bado hajaweza kukaa. Mumewe naye alikuwa amelala ndani, anaugua. Mama yake huyo mume, mkwe wangu wa Rusinga, akabaki na mgonjwa mmoja na kitoto kimoja, na hana ng'ombe, na hakuna mwanamke aliyekubali kumnyonyesha mtoto yule, kwa hofu. Siwalaumu. Hata mimi ningeogopa.

Wazee wa pande mbili wakakaa. Mtoto ni wa kwao, mahari ilikuwa imetolewa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini maziwa yalikuwa kwetu. Basi wakakubaliana kwamba nitakaa na mjukuu wangu maadamu nina maziwa ya kumlisha, na akishakuwa wa kula ugali tutazungumza tena. Maneno yalikuwa hayo. Maadamu nina maziwa. Nikambeba mgongoni kutoka Mbita mpaka nyumbani, na mume wangu alipomwona akaenda moja kwa moja bandani, akamwambia ng'ombe kwa Kiswahili, "Mama, una mtoto mwingine."

Nesi mmoja Homa Bay alinifundisha. Unachemsha, unaongeza maji yaliyochemka, unatia sukari kidogo, unampa kwa kikombe na kijiko, usitumie chupa, chupa haisafishiki. Mtoto alikataa, akatapika, akaharisha, halafu akazoea. Akapata mashavu. Nilipokuwa nakama alikaa kwenye gunia pale mlangoni mwa banda akisikiliza maziwa yakipiga ndoo, na akisikia anaanza kutafuna hewa. Nilikuwa nimezika binti na nilikuwa nacheka. Mtu ni kitu cha ajabu.

Mume wangu alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mvua. Alianguka juu ya ukuta wa nyumba ya mtu, mwiko mkononi, hakuumwa hata siku moja. Walimleta nyumbani.

Hapa lazima nieleze desturi, maana kuna wasomaji wa mbali. Mjaluo mwanamume akifa, mwenye boma lake, ndugu na majirani wanakusanya ng'ombe, wanawafunga majani kwenye pembe na shingoni, wanashika mikuki na fimbo, wanapiga pembe, na wanakimbia nao mpaka mpakani kwenye pori, huko wanapigana na kifo, wanakifukuza, halafu wanarudi mbio mpaka ndani ya boma la marehemu. Inaitwa tero buru. Mimi siyo wa kuidharau. Nimeiona ikifanywa kwa wengine na nywele zikanisimama. Kanisa letu halikuitaka, na mzee wa kanisa, yule yule wa chai, alikuja kusema hivyo, wakamsikiliza kwa heshima, wakampa kiti, na alipoondoka wakaanza kupanga ng'ombe.

Ng'ombe wa majirani walikuwapo. Lakini ng'ombe wa marehemu mwenyewe alikuwa mmoja, yule wa bandani.

Mimi nilikuwa nimekaa kando ya jeneza, nimevaa koti la mume wangu, na mjane hainuki ovyo. Tangu alipoletwa nyumbani sikukama. Wake za shemeji ndio waliokama kwa ajili yangu, na ng'ombe wa gredi anajua mkono. Kwa mkono mgeni anabana. Walikuwa wakitoa kidogo cha mtoto na kusema amekauka kwa huzuni, kumbe kiwele kimejaa. Matete walimtupia mazima bila kukata. Asubuhi ile ya buru hawakumkama kabisa, kila mtu alikuwa kwenye masufuria. Nilimsikia akilia. Sauti yake niliijua kama unavyojua sauti ya mtoto wako katikati ya watoto wengine.

Nikasikia wanamfungua. Nikamtuma wifi yangu aseme, jamani, mwacheni huyo. Akarudi akasema hawasikii. Nikamtuma tena amwite shemeji mkubwa. Akaja, jasho linamtoka, majani ya mtambaa yamemzunguka kichwa, akachuchumaa karibu nami kwa adabu, maana shemeji yangu hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema mpaka leo.

"Shemeji," akasema, "watu wataniuliza. Ndugu yangu alikuwa na ng'ombe ama hakuwa na ng'ombe?"

"Alikuwa naye. Lakini huyu hajui kukimbia. Hajawahi hata kutembea."

"Leo atajua."

"Ana maziwa ya mtoto, shemeji. Kiwele kimejaa. Mkamueni kwanza."

Akatazama chini. Nje pembe zilikuwa zinalia. Akasema kwamba kama ng'ombe wa mtu hamlilii, basi mtu huyo alikufa maskini, na yeye hawezi kumzika mdogo wake kama maskini. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Wewe si wa huku, shemeji. Hili tuachie."

Mwanamke ameolewa kwa watu miaka yote hiyo, amezaa, amezika, na bado neno hilo lipo limekunjwa mahali, linangoja siku yake.

Nilijisogeza mpaka nikaona mlangoni. Walikuwa wanamvuta kwa kamba, vijana, na mmoja anasukuma nyuma. Mmoja akauliza kama huyu ni ng'ombe ama ni mama mjamzito, wakacheka. Miguu ilimtetemeka kwenye udongo, maana aliizoea simenti. Alinusa chini. Akainua kichwa. Wale wa kienyeji walipoanza kukimbia, na kelele, na vumbi, nilidhani atalala chini na kukataa. Hakulala. Aliinua mkia juu kama fimbo, akaruka. Akaruka tena, miguu yote minne hewani, kiwele kikitupwa huku na huku kama gunia la mahindi, na akawakimbilia wenzake. Alifurahi. Nasema nilichoona. Ng'ombe yule alifurahi siku ile kuliko siku zote tulizomlisha kwa mkono, na watu wakapiga vigelegele, hata wanawake waliokuwa wakilia waliacha kulia wakamtazama. Mimi mwenyewe, kwa muda kidogo, nilitaka aendelee.

Kwenda mpakani kuna uzio wa mkonge, halafu miiba, halafu kijito.

Wa kienyeji walirudi kwa kishindo, wakazunguka boma, vumbi likafunika jeneza. Yeye alirudi wa mwisho, baada ya kila kitu, anatembea na mtu mmoja tu nyuma yake. Ulimi nje. Chuchu ya nyuma ilikuwa imepasuka kwa mkonge, damu na maziwa vinadondoka pamoja. Alipita watu wote, akaenda mwenyewe mpaka bandani, akaingia, akalala juu ya vumbi la mbao.

Tulimzika mume wangu. Mazishi yalikuwa mazuri, kila mtu alisema.

Nilipomshika tena kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, moto, na akanipiga teke, yeye ambaye hakuwahi. Yaliyotoka yalikuwa maji ya manjano na mabonge. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Ndhiwa na zile tyubu za dawa zinazosukumwa ndani ya chuchu, akasema nimkande kwa maji moto na kumkama kila mara hata akilia. Nikamkanda. Nikamkama akilia na mimi nikilia. Chuchu mbili zilikufa. Mbili zikabaki, na hizo zikawa zinatoa kidogo, na kidogo zaidi, kwa sababu alikuwa hali. Nilimkatia matete laini ya ndani kabisa, yale meupe, nikamwekea marando mkononi mwangu. Anayapokea, anayashika mdomoni, anayaacha yaanguke. Ukishaona ng'ombe anashika chakula bila kutafuna, ndoo unaweza kuifunika.

Mtoto alianza kupata maji mengi na maziwa machache. Halafu uji mtupu. Mashavu yakaondoka kama yalivyokuja.

Shemeji yangu alileta ng'ombe wake wa kienyeji, mwenye ndama. Alimfunga kwenye mti wangu. Ng'ombe wa kienyeji hatoi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, na ndama akianza, kinachobaki ni kikombe, na siku za kiangazi ni nusu ya kikombe. Alikuja mwenyewe kila asubuhi kumshika ndama masikio ili mimi nikame. Mzee mzima na fimbo yake, anapigana na ndama. Siku moja, ndama akiwa amemkanyaga mguu, akasema bila mimi kumuuliza, "Lakini alitaka kukimbia, shemeji. Uliona mwenyewe. Alitaka."

Nikasema niliona.

Habari zilifika Rusinga. Sijui nani alizipeleka, habari za mtoto kukonda hazihitaji mtu. Mkwe wangu alikuja peke yake, amefunga kanga nyeusi, na nilipoiona kanga ile nikajua kwamba mwanawe naye amekwenda. Tulishikana mikono tukakaa. Hakuomba chai. Alimchukua mtoto, akamvua shati, akampapasa mbavu kwa vidole, taratibu.

"Mkwe," akasema, "wazee wamenituma."

Nikamwambia nangoja mvua. Mvua ikinyesha matete yatachipuka, ng'ombe wa shemeji ataongeza, na huyu wangu labda atazaa tena na chuchu mbili, wapo ng'ombe wa chuchu mbili wanaolea. Nilisema mengi. Alinisikiliza yote.

"Wanasema kama ni kupona, apone. Na kama si kupona, asilale kwenye udongo wa watu. Alale kwao, karibu na baba yake."

Maadamu nina maziwa, ndivyo tulivyosema, na hapakuwa na mtu aliyenidanganya. Nilienda ndani nikakusanya vinguo vyake. Nyuma ya nyumba nilisikia ng'ombe akikohoa. Baadaye yule ng'ombe alichukuliwa na mwenye bucha wa Migori, akapandishwa kwenye pikapu akiwa mbavu tu, sikutoka kumtazama.

Na mtoto, ili usiendelee kuniuliza moyoni, aliishi. Ni mtu mzima sasa, ana mke huko kisiwani, anafanya kazi ya mashua. Akipita Ndhiwa huja kunisalimia, ananiita nyanya, ananiletea sukari, anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni anayengoja gari. Ni mpole. Hajui chochote cha mwaka ule na mimi simwambii. Lakini siku ile sikujua kwamba ataishi, wala mkwe wangu hakujua. Alikuwa anampeleka kwenye kaburi, na mimi nilikuwa namfungia vinguo vya kaburini, na sote wawili tulifanya kwa uangalifu.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mkwe wangu kwa kanga yangu. Nikamsindikiza mpaka njia kuu. Njiani nikaanza kumweleza. Nikamwambia maziwa uyachemshe mpaka yapande, halafu uyashushe, uyarudishe tena. Maji yachemke peke yake. Sukari kidogo tu, kwa ncha ya kijiko. Usimlaze chali akishakula. Asubuhi hataki mengi, jioni ndiyo anataka, na ukichelewa analia mpaka anapoteza pumzi, lakini hiyo ni hasira siyo ugonjwa, usiogope. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni ni mazito kwake, ongeza maji. Ya ng'ombe mwenye ndama mkubwa ni mepesi, punguza.

Nilijua hana ng'ombe. Yeye pia alijua kwamba najua. Alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, na nilipofika mwisho akasimama, akapandisha mtoto mgongoni, akaniomba nirudie ile ya maji tena, asije akakosea.